Jinsi ya kufaili kodi ya mapato Marekani ukiwa si raia

Kila ifikapo mwisho wa Januari simu huanza, na swali huwa lilelile: "Mwaka huu nitarudishiwa ngapi?" Hilo hujibiwa mwisho kabisa. Wateja wangu wengi hapa Columbus, Ohio, ni madereva wa Uber, wahudumu wa nyumba za wazee, wafanyakazi wa maghala na wanafunzi, na matatizo ninayoyakuta kwenye karatasi zao ni nadra kuwa ya hesabu. Mtu amejaza fomu isiyo yake. Mwingine kamwandikisha mtoto aliyeko Kigoma. Mwingine ana nyumba ya kupangisha Kigamboni na hajawahi kuitaja.

Mwongozo huu ni wa mapato ya mwaka 2025. Mwisho wa kuwasilisha ritani, yaani fomu ya kutangaza mapato na kodi yako, ni Aprili 15, 2026.

Hatua ya 1: Jua IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inakuhesabu kama nani

Uhamiaji na kodi kila kimoja kina kipimo chake. Unaweza kuwa na viza ya muda tu na bado kwenye kodi ukawa mkazi kamili. Unaweza pia kuwa umeishi hapa miaka minne na ukahesabiwa asiye mkazi.

Mwenye kadi ya kijani ni mkazi, basi. Ukiingia kwa viza ya bahati nasibu au ya kuitwa na ndugu, ukazi wako unaanza siku ile uliyokanyaga hapa ukiwa nayo.

Wasio na kadi hiyo huhesabiwa siku. Uwe umekaa angalau siku 31 mwaka 2025, na jumla ya siku 183 ukichukua siku zote za 2025, theluthi moja ya siku za 2024 na sehemu moja ya sita ya siku za 2023. Mkimbizi aliyefika Julai 2, 2025 na asiondoke ametimiza 183 barabara. Aliyefika kesho yake amepungukiwa na moja.

Hesabu hii hunasa hata wageni. Mama aliyekuja kwa viza ya matembezi kulea wajukuu akakaa siku 150 mwaka 2025, 90 mwaka 2024 na 60 mwaka 2023, ana 150 na 30 na 10, yaani 190. Kikodi ni mkazi! Kwa kuwa mwaka wenyewe hakufikisha siku 183, na nyumba yake na maisha yake yako Tanga, anaweza kujitoa kwa Fomu 8840. Lakini lazima aijaze.

Wanafunzi wenye viza za masomo za F-1 na J-1 siku zao hazihesabiwi kwa miaka mitano ya kalenda, na hata siku moja ya Desemba inakula mwaka mzima. Aliyeingia Desemba 28, 2020 alimaliza miaka yake mitano mwisho wa 2024, kwa hiyo siku zake za 2025 zinahesabiwa. Mwenzake aliyeingia Januari 2021, wakakaa darasa moja, bado ni asiye mkazi kwa 2025. Wote wawili wakifuata ushauri wa rafiki mmoja, mmoja wao atakosea.

Kwa nini ninalikazania hili? Mkazi hujaza Fomu 1040. Asiye mkazi hujaza 1040-NR, hapati punguzo la kawaida, yaani sehemu ya mapato isiyotozwa kodi, ambalo kwa 2025 ni dola 15,750 kwa asiye na ndoa, na hawezi kufaili pamoja na mwenzi wake. Programu nyingi za bei rahisi zinajua 1040 tu na haziulizi viza yako. Mwanafunzi anabofya mpaka mwisho, pesa inaingia, anafurahi. Ni pesa ya serikali ile, na itadaiwa. Ikikutokea, ritani husahihishwa kwa Fomu 1040-X, na ni afadhali uanze wewe kabla barua haijafika.

Mwanafunzi asiye mkazi hata kama hakufanya kazi siku moja hutuma Fomu 8843. Na kama alifanya kazi, atazame W-2 yake, hati ya mshahara na makato ya mwaka: hapaswi kukatwa michango ya pensheni na ya matibabu ya uzeeni, Social Security na Medicare, ambayo kwa pamoja ni asilimia 7.65 ya mshahara. Akikatwa aanze kwa mwajiri. Mwajiri akikataa, Fomu 843 na 8316 ndizo za kudai IRS.

Kwa mwenye kadi ya kijani kosa huwa la upande wa pili. Usijaze 1040-NR kwa kusikia kwamba kodi yake ni ndogo. Fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza waziwazi kama umewahi kujiita asiye mkazi kwenye ritani tangu upate kadi.

Mwaka wa kufika una kanuni zake. Ukiwa asiye mkazi hadi Agosti na mkazi kuanzia Septemba, mwaka wako umegawanyika mara mbili na punguzo la kawaida hulipati. Wenye ndoa wanaweza kuchagua kuhesabiwa wakazi mwaka mzima, na mara nyingi inawalipa. Huu ndio mwaka mmoja ambao nakushauri umlipe mtu anayeujua.

Hatua ya 2: Kusanya karatasi zote ndipo ukae chini

Kila mwajiri anapaswa kukutumia W-2 mwisho wa Januari. Watu wetu huhama sana, na W-2 ya ghala uliloacha Machi inaenda kwenye anwani ya zamani. IRS tayari ina nakala yake, hivyo ukiisahau wewe, wao hawatasahau. Benki hutuma 1099-INT, kazi za kujitegemea 1099-NEC au 1099-K. Kama bima yako ya afya uliinunua kwenye soko rasmi la bima (Marketplace) kwa msaada wa serikali, subiri 1095-A. Bila hiyo ritani yako itakwama.

Namba unayotumia ni ya Social Security. Asiyestahili kuwa nayo huomba ITIN, namba ya mlipa kodi inayotolewa na IRS, kwa Fomu W-7, inayoambatishwa na ritani yenyewe. Pasipoti ndiyo hati pekee inayojitosheleza. Kabla hujaitia pasi halisi kwenye bahasha, tafuta ofisi ya IRS au wakala aliyeidhinishwa kuikagua na kukurudishia palepale.

Hatua ya 3: Ndoa na wategemezi

Ukiwa umeoa au umeolewa kihalali, huwezi kujiandika kapera kwa sababu mwenzio yuko Bukavu. Una njia mbili za kawaida. Ya kwanza ni kufaili peke yako kama mwenye ndoa. Ya pili ni kutia sahihi nyote wawili tamko la kwamba mwenzio ahesabiwe mkazi, apate ITIN, mfaili pamoja mpate punguzo la dola 31,500. Ya pili inavutia, ila tazama upande wa pili wa karatasi: mapato yake yote ya mwaka, hata ya duka lake Arusha, yanaingia kwenye ritani ya Marekani, na uchaguzi huo unaendelea miaka inayofuata mpaka muuondoe. Kama mwenzio hana kipato, sioni sababu ya kusita.

Njia ya tatu, ya mkuu wa kaya, ipo kwa mtu ambaye mwenzi wake si mkazi, lakini ni lazima awe anaishi na mtoto hapa Marekani na yeye ndiye aliyelipia zaidi ya nusu ya gharama za nyumba.

Sasa wategemezi, na hapa ndipo ugomvi ulipo. Sote tunatuma pesa nyumbani. Ada za Morogoro, dawa za baba Machakos, kodi ya nyumba ya mdogo wetu Bujumbura. Sheria ya Marekani inasema mtegemezi awe raia au mkazi wa Marekani, au mkazi wa Canada au Mexico. Afrika haimo. Kwa hiyo mtoto asiye raia anayesoma Morogoro haandikwi, hata kama unamlipia kila senti na risiti zote unazo. Pesa uliyomtumia nayo haipunguzi kodi, wala sadaka ya msikiti au kanisa la kijijini, kwa kuwa inayokubaliwa ni ile ya taasisi zilizosajiliwa hapa. Najua inauma. Wateja wangu hunitazama kama mimi ndiye niliyeitunga.

Mtoto anayeishi nawe, hajafikisha miaka 17 na ana namba ya Social Security, anakuondolea hadi dola 2,200 kwenye kodi yenyewe. Mwenye ITIN, akiwa mkazi, anaondoa 500. Mtayarishaji akikuambia atakuongezea mtoto ili rifandi, pesa unayorudishiwa, inenepe, chukua karatasi zako utoke. Anayeulizwa ni aliyetia sahihi ritani, na huyo ni wewe.

Hatua ya 4: Andika mapato yote, ya hapa na ya nyumbani

Mkazi hutozwa kwa mapato ya dunia nzima. Pango la Kigamboni, riba ya benki ya Dar, gawio la hisa za Safaricom, yote hubadilishwa kuwa dola na kuandikwa. Marekani haina mkataba wa kodi ya mapato na Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi wala Kongo. Kinga yako ni Fomu 1116, inayokuruhusu kutoa kwenye kodi ya hapa ile uliyokwisha kulipa TRA au KRA kwa mapato hayohayo. Pasipo stakabadhi ya kule, utakosa cha kuonyesha ukiulizwa.

Kuna taarifa nyingine isiyo ya kodi kabisa, na watu wengi hawajawahi hata kuisikia. Kama akaunti zako zote za nje kwa jumla zilizidi dola 10,000 hata siku moja tu ya mwaka, unatuma FBAR, yaani Fomu 114 ya FinCEN, idara ya Hazina ya Marekani inayofuatilia uhalifu wa fedha. Inatumwa mtandaoni, bure, kwenye tovuti ya FinCEN, mbali na ritani. Inahusu pia akaunti ambayo pesa si yako lakini sahihi yako ipo: ya chama, ya familia, ya ujenzi wa nyumba ya wazazi. Mweka hazina wa chama anayeishi Columbus anahusika. Faini inaweza kuzidi dola 10,000 hata bila nia mbaya, na kodi yenyewe huenda ikawa sifuri. Ukifika kwenye Jedwali B la ritani, la riba na gawio, swali la akaunti za nje lijibu ndiyo kama unayo, hata ikiwa na shilingi za soda. Asiye na ndoa mwenye mali za kifedha nje zinazozidi dola 50,000 mwisho wa mwaka, au 75,000 siku yoyote, anaongeza Fomu 8938.

Madereva: ukibakiwa na faida ya dola 400 au zaidi unajaza Jedwali C la biashara na SE la kodi ya kujiajiri, na kodi hiyo ni asilimia 15.3, juu ya ile ya mapato. Kiasi kilicho kwenye 1099-K ni nauli yote aliyolipa abiria, pamoja na makato ambayo hukuyaona. Shusha muhtasari wa mwaka kwenye akaunti yako ya Uber, utoe makato hayo, kisha utoe senti 70 kwa kila maili ya kazi. Maili ziwe zimeandikwa siku kwa siku. Kukisia Aprili hakukubaliki. Kwa mwaka unaoendelea, lipa kwa awamu: Aprili, Juni, Septemba na Januari.

Kwa wa ovataimu kuna jipya mwaka huu, Jedwali 1-A. Kinachoondolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi ni ile nyongeza tu. Ukilipwa dola 20 kwa saa na 30 kwa ovataimu, unaondoa 10 kwa kila saa ya ovataimu, hadi 12,500 kwa mwaka, na lazima uwe na Social Security. Wenye ndoa lazima wafaili pamoja. W-2 ya 2025 huenda isiionyeshe, kwa hiyo tafuta hati yako ya mwisho ya mshahara wa Desemba.

Hatua ya 5: Tuma, kisha malizana na jimbo

Wenye kipato cha chini wanasaidiwa bure kwenye vituo vya VITA, mpango wa IRS wa watu wa kujitolea, au watumie Free File kupitia IRS.gov. Wa 1040-NR waanze kwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni, maana vyuo vingi huwalipia programu kama Sprintax. Mtayarishaji wa kulipwa lazima awe na PTIN, namba ya usajili anayopewa na IRS, na atie sahihi. Anayekataa kutia sahihi, mkimbie.

Ukifaili kwa mara ya kwanza, programu itauliza mapato ya ritani ya mwaka jana. Andika 0. Akaunti ya benki iwe yako mwenyewe, si ya aliyekusaidia. Rifandi nyingi hutoka ndani ya siku 21.

Ukidaiwa na huna pesa, faili hivyohivyo. Kutofaili kunatozwa asilimia 5 ya deni kila mwezi, kutolipa nusu asilimia. Omba mpango wa malipo IRS.gov. Fomu 4868 inakusogezea siku ya kutuma karatasi hadi Oktoba 15. Deni haisogezi.

Aliye Texas, Florida au Tennessee mshahara wake hautozwi kodi ya jimbo. Sisi wa Ohio tuna ya jimbo na ya mji pia. Columbus huchukua asilimia 2.5. Aliyehama katikati ya mwaka afaili majimbo yote mawili.

Simu ya mtu anayejiita IRS na kudai kadi za zawadi ni ya wezi. IRS huanza kwa barua, na barua ina tarehe ya mwisho ya kujibu. Ifungue siku hiyohiyo, hata kama Kiingereza chake kinakutisha. Fungua pia akaunti yako IRS.gov ukahakikishe nakala ya ritani imo. Siku ukiwa raia na ukataka kumleta mama, Fomu I-864, ya kumdhamini, itadai ritani ya mwaka wa karibuni, na hiyo nakala inakubalika.