Ofisi ya watu watatu inavyoweza kuuza huduma nje ya nchi

Invoisi yetu ya kwanza kwenda nje ilikuwa ya dola 600, zilizoingia kwenye akaunti ni 548. Tukajua mteja katupunja, tukamwandikia imeili ya kulalamika, akatutumia risiti yake inaonesha katuma 600 kamili, aisee tuliona aibu sana. Zile 52 zilikatwa njiani na mabenki na sisi hatukujua hata pa kuuliza. Kwaiyo haya nawaandikia wenye ofisi ndogo kama yetu hapa Arusha, watu watatu, laptop tatu, mnataka kuuza huduma nje na hamna wa kuwaonesha njia.

Cha kwanza chagueni kazi moja. Sisi tunachukua mahojiano yaliyorekodiwa kwa Kiswahili, tunayaandika neno kwa neno alafu tunayatafsiri kwenda Kiingereza, wateja wengi ni watafiti wa vyuo vya Ulaya. Zamani tulijitangaza tunafanya tafsiri, uhariri, dizaini, mafunzo, ushauri, yaani kila kitu, na hakuna aliyetutafuta. Mtu yuko Leiden, Uholanzi, hakujui, hawezi kupita ofisini akakuona, anachoweza kupima ni kazi yenye mwanzo na mwisho: sauti ya dakika 60, siku nne, bei hii hapa. Kama wewe ni mhasibu sema unafunga hesabu za kila mwezi za maduka ya mtandaoni, kama unachora ramani za nyumba sema unachukua mchoro wa mkono unaurudisha faili la kompyuta.

Mteja wa kwanza usimtafute mbali, anza na wageni waliokwisha fanya kazi huku. Wa kwetu alipatikana kupitia dada mmoja aliyekuwa msaidizi wa utafiti Morogoro, kazi iliisha akabaki na imeili ya profesa. Tukatuma sampo ya dakika tano bure, siyo saa nzima, ukishampa mtu saa nzima bure hata bei yako ataishangaa. Na kwenye sampo onesha kile anachokosa kwingine. Kwenye ile sauti mzee anasema mwanae "amepata jiko", profesa alikuwa amepitisha kwenye programu ya kutafsiri ikamwambia kijana kapata jiko la kupikia. Sisi tukaandika kijana ameoa, na pembeni maelezo ya mstari mmoja kuhusu huo msemo. Kazi tulipewa kesho yake.

Bei usiikadirie kichwani. Saa moja ya sauti safi inakula saa nne mpaka sita za kuandika tu, hapo bado kutafsiri na kuhakiki, na ikiwa imerekodiwa sokoni au ni kikundi cha watu nane wanaongea kwa pamoja inapanda sana, kwaiyo omba kusikia kipande kabla hujataja bei. Sauti za Kongo, za Bukavu au Lubumbashi, tunampa mtu wa kule na bei inabadilika, Kiswahili chao kina mambo yake, usijifanye unakijua. Mteja mpya alipe nusu kabla ya kuanza.

Sasa zile dola 52 zilizokatwa njiani. Pesa ikitumwa benki kwa benki kwa mfumo wa SWIFT, mtumaji anachagua nani abebe makato. Kwenye fomu yake kuna OUR, hapo analipa yeye yote, SHA kila mtu anabeba ya upande wake na benki za katikati zinajichotea humohumo kwenye pesa yako, BEN yote inakuangukia wewe. Yetu ilikuja kwa SHA. Siku hizi invoisi yetu ina mstari unaosema tuma kwa OUR, na makato yetu ya kupokelea tumeshayaweka kwenye bei. Kazi ndogondogo za mteja mmoja zikusanye kwenye invoisi moja, maana makato mengi hayajali umetumiwa dola 80 au 800. Alafu jina la kwenye invoisi liwe lilelile la kwenye akaunti, herufi kwa herufi, ukiandika jina la biashara wakati akaunti ni ya jina lako pesa inaweza kurudishwa na makato yasirudi.

Kwenye kodi, mteja wa Marekani anaweza kukuletea fomu ya W-8BEN, kampuni ni W-8BEN-E, usiogope, unathibitisha tu kwamba wewe siyo wa kule, na ukiwa umefanyia kazi hapa Tanzania kipato hicho hakihesabiki kimetoka Marekani. Mteja wa Kenya akikukata kodi ya zuio kwenye malipo ya ushauri mdai cheti cha hayo makato, umpelekee mhasibu wako. Na kila mkataba na imeili za kazi zitunze, TRA wakiuliza uwe na cha kuonesha.

Jambo ambalo mimi sina msamaha nalo ni siri. Kwenye zile sauti kuna mama anaelezea mtoto wake alivyofariki, hiyo haizungushwi WhatsApp hata kama ni ofisini kwenu. Ulaya wana sheria yao ya taarifa binafsi tangu Mei 2018, sisi yetu ni ya 2022 imeanza kazi Mei 2023, mteja atauliza unatunza wapi na unafuta lini. Sisi tunafuta siku 30 baada ya malipo na tunamwandikia kwamba tumefuta.

La mwisho ni saa. Mteja wa Uholanzi aliandika tukutane 9:00, mwenzetu akasoma saa tisa akajiandaa kwa alasiri, yule mteja akakaa kwenye Zoom peke yake dakika 40. Sasa tunaandika zote mbili: 9:00 ya Amsterdam, huku saa tano asubuhi. Ila hiyo ni wakati wa baridi, Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza saa mbele inakuwa saa nne, mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na Marekani wanabadilisha tarehe tofauti na hao, kwaiyo Machi, Oktoba na mwanzoni mwa Novemba kila miadi ihakikishe upya siku moja kabla.