Kusainisha mikopo ya nyumba Texas: jinsi notari mpya anavyoweza kupata riziki

Kazi yenyewe ni hii. Familia inanunua nyumba, au inachukua mkopo mpya wa kulipia ule wa zamani, na karatasi za kusaini zinapita mia. Kampuni ya hatimiliki (title company, inayosimamia uhamisho wa nyumba na hati zake) haina mtu wa kuzipeleka sebuleni kwao saa moja jioni, kwa hiyo inakutafuta wewe notari, mtu aliyeteuliwa na jimbo kushuhudia saini. Unazichapa, unaendesha gari, unakagua vitambulisho, unasainisha, unagonga muhuri, unazituma.

Naandika kwa aliye Texas, maana Marekani kila jimbo lina sheria zake za notari. Kama uko Georgia, South Carolina au Massachusetts, huko mawakili ndio wanaosimamia ufungaji wa mikopo ya nyumba, yaani kusaini hati zake za mwisho, na nafasi ya notari wa kujitegemea ni finyu.

Hatua ya 1: Pata uteuzi wa jimbo

Kenya na Tanzania notari ni wakili. Texas si lazima. Uwe na miaka 18 au zaidi, uwe mkazi wa jimbo, na usiwe umepatikana na hatia ya kosa kubwa la jinai. Uraia hauulizwi. Ombi linakwenda ofisi ya Katibu wa Jimbo, ada ni dola 21, na unatakiwa kuwa na bondi, yaani dhamana, ya dola 10,000. Usishtuke: hiyo elfu kumi huiweki mezani, unalipa ada ndogo tu kwa kampuni ya bima. Uteuzi unadumu miaka 4.

Bondi inamlinda mteja, wewe haikulindi. Ukikosea, kampuni iliyotoa bondi ikamlipa mteja, itakugeukia uirudishe. Kwa hiyo kata na bima ya makosa ya kikazi kabla hujapokea mkopo wa kwanza.

Tofauti ile ya wakili itakufuata kila siku. Watu wetu wakisikia wewe ni notari watakuletea fomu za uhamiaji: “Kaka, nijazie hapa, nishauri.” Usiguse. Notari asiye wakili haruhusiwi kutoa ushauri wa kisheria, na katika uhamiaji kosa dogo linaweza kumharibia mtu maisha.

Hatua ya 2: Daftari na vifaa

Texas inakutaka uweke daftari la kila tendo la unotari. Hapa video za mtandaoni zinaponza watu, kwa sababu walimu wengi wako California. Kule notari lazima aandike namba ya kitambulisho cha mteja. Texas inakataza kuiandika. Andika aina ya kitambulisho, namba iache.

Vifaa: printa ya leza yenye trei mbili, kwani furushi la hati za mkopo huchanganya karatasi za inchi 11 na za inchi 14, skana ya kumeza karatasi nyingi kwa mkupuo, kalamu za wino wa buluu na mweusi, gari la kutegemewa. Cheti cha wakala wa kusainisha mikopo kutoka National Notary Association, pamoja na ukaguzi wa rekodi yako ya jinai, si sharti la jimbo, lakini kampuni nyingi hazikupi kazi bila hivyo.

Hatua ya 3: Lijue furushi kabla hujakutana na mkopaji

Hati chache tu ndizo zinazobeba mkopo mzima. Ahadi ya kulipa deni inasainiwa bila muhuri wako. Hati ya rehani, inayoifunga nyumba kwa deni, inahitaji muhuri. Taarifa ya mwisho ya gharama ina kurasa 5, na mkopaji anapaswa kuwa ameipata siku 3 za kazi kabla ya kufunga mkopo. Kuna kiapo cha majina, kiapo cha kukaa kwenye nyumba, na ruhusa ya kuomba rekodi za kodi. Zilizobaki nyingi ni nyongeza.

Notisi ya haki ya kusitisha ndiyo inayowatoa jasho wapya. Anayenunua nyumba hana haki hiyo. Anayebadilisha mkopo wa nyumba anayoishi kwa mkopeshaji mwingine anazo siku 3 za kazi za kughairi, na Jumamosi inahesabiwa. Jumapili na sikukuu za shirikisho hazihesabiwi. Akisaini Ijumaa, muda unaisha usiku wa manane Jumanne, kama hakuna sikukuu katikati. Tarehe zikiandikwa vibaya, fedha hazitoki.

Na hili ni la Texas hasa: mkopo wa kuchota fedha kwenye thamani ya nyumba, kwa mujibu wa katiba ya jimbo, hufungwa tu katika ofisi ya mkopeshaji, ya wakili au ya kampuni ya hatimiliki. Akikwambia mtu uusainishe jikoni kwa mteja, kataa.

Hatua ya 4: Mezani

Siku moja kabla, piga simu. Thibitisha mahali, nani wote wanasaini, na jina lilivyo kwenye kitambulisho. Kwa wateja wetu hapa pana kazi. Kitambulisho kinasema majina matatu, mkopo umeandikwa mawili. Au jina la baba limekaa mahali pa jina la kwanza tangu kambi ya wakimbizi, na hakuna aliyelirekebisha. Ukiligundua mapema, kampuni ina muda wa kusahihisha hati. Ukiligundua mezani, utarudi na furushi lako bila saini. Mteja asaini jina kama lilivyochapwa, hata kama saini yake ya kawaida ni mkwaruzo mmoja.

Swali litakalokuja karibu kila mara: “Mbona riba hapa ni kubwa kuliko niliyoahidiwa?” Mara nyingi anaangalia asilimia ya gharama ya mwaka, ambayo inajumlisha na ada, akidhani ndiyo riba ya mkopo. Mwonyeshe ukurasa wenye riba na ukurasa wenye hiyo asilimia, kisha mpigie ofisa wa mkopo aeleze. Kusema “hii ni riba nzuri, saini tu” si kazi yako, hata mteja akiwa shemeji wa rafiki yako anayekuamini kuliko benki.

Kabla hujanyanyuka, pitia kila ukurasa tena. Saini moja iliyorukwa itakurudisha barabarani kesho, na safari hiyo hailipwi.

Hatua ya 5: Piga hesabu kabla ya kubonyeza “kubali”

Kazi za mwanzo zitatoka kwa madalali wanaosimama kati yako na kampuni ya hatimiliki, mara nyingi kupitia majukwaa kama Snapdocs. Chukua mfano wa ofa ya dola 90. Nakala mbili za kurasa 150 ni karatasi 300. Tuseme karatasi na wino ni dola 8. Maili 40 kwenda na kurudi, kwa kiwango cha mamlaka ya kodi ya shirikisho (IRS) cha mwaka 2025 cha senti 70 kwa maili, ni dola 28. Umebaki na 54. Kuchapa, kuendesha, kusainisha na kuskani ni kama saa 3, yaani dola 18 kwa saa kabla ya kodi. Nyumba ikiwa maili 70 kutoka kwako, unamlipa dalali wewe.

Mwulize pia analipa baada ya siku ngapi. Wengine ni siku 30, wengine 45, wengine ni kufukuzana. Orodhesha kila ankara na tarehe yake, na mchelewaji sugu mfutie namba. Wakati huohuo peleka kadi yako kwenye kampuni ndogo za hatimiliki za mtaani kwako, kwa sababu ukipewa kazi moja kwa moja sehemu ya dalali inabaki kwako.

Hatua ya 6: Usitegemee mikopo peke yake

Hapa ndipo wengi huachia ngazi. Januari 2021 wastani wa riba ya mkopo wa miaka 30 ulishuka hadi asilimia 2.65, kila mtu akabadilisha mkopo, na manotari wakafanya kazi usiku na mchana. Oktoba 2023 ulifika 7.79. Nani angeacha mkopo wa asilimia tatu achukue wa asilimia saba? Simu zikanyamaza.

Kazi ya kila siku ndiyo inayokuvusha: wosia hospitalini, ruhusa ya mtoto kusafiri na mzazi mmoja, hati ya uwakilishi ya kumwezesha ndugu kuuza kiwanja nyumbani. Sheria inakuruhusu kutoza hadi dola 10 kwa saini ya kwanza inayothibitishwa na dola 1 kwa kila inayofuata. Fedha halisi iko kwenye nauli, ambayo mnakubaliana kabla hujawasha gari. Kiswahili chako ni mtaji hapa: kwa Mkongomani wa Fort Worth au Abilene, notari anayeweza kuzungumza naye bila mkalimani hapatikani kila kona.

Kwenye ankara tenganisha ada ya unotari na nauli na uchapaji. Ada ya unotari haitozwi kodi ya kujiajiri ya shirikisho, vingine vinatozwa. Ukivichanganya, utavilipia vyote.