Mshikio wa chooni kwa mzee: usiutegemee ukuta wa tofali mbichi

Kama choo cha uani huko Uyui au Sikonge, mkoani Tabora, kimejengwa kwa tofali mbichi, usimfungie mzee mshikio ukutani kwa skrubu. Udongo haushiki skrubu. Siku akiuvuta kwa uzito wake wote unang'oka, naye anaanguka chali. Simika nguzo. Chukua bomba la chuma la inchi moja, linaloenea kiganjani, lichomelewe umbo la goli. Chimba mashimo mawili ya miguu yake, kina sentimita 50, mbali na ukingo wa shimo la choo. Hili halina mjadala: ukingo ukimeguka, sakafu nzima hushuka. Shimo la choo likiwa limeenea chini ya sakafu yote, mtengenezee kiti chenye tundu badala yake.

Zege liwe saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Limwagilie maji siku 7 kabla mtu hajalishika bomba. Bomba la juu likae sentimita 70 hadi 80 kutoka sakafuni, upande wa mkono wake wenye nguvu, na liachane na ukuta sentimita 5 tu. Nafasi ikizidi, akiteleza mkono hupenya na kuvunjika. Lipake rangi nyeupe; mwenye mtoto wa jicho haoni chuma cha kijivu gizani.