Somo: Umehamishiwa shifti ya usiku kwa wiki chache? Fanya hivi

Kila viwanda vikipata oda kubwa, watu wananifuata kwa meseji na swali lilelile: "Dada, nimepangiwa usiku wiki tatu, nafanyaje?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Leo naliandika lote, atakayeuliza nitamwelekeza hapa. Mimi ni mkaguzi wa ubora kiwandani, pande za Chang'ombe, nakaa Tabata. Nimeshaingizwa usiku kwa muda mara 4, saa 3 usiku mpaka saa 12 asubuhi.

Hatua ya 1. Siku ya kwanza, lala mchana kabla ya kwenda. Hata saa moja na nusu inatosha.

Hatua ya 2. Mlo mkubwa kula nyumbani kabla ya kutoka. Usiku wa manane tumbo nalo limelala. Mimi hubeba uji kwenye chupa, mayai mawili ya kuchemsha na karanga.

Hatua ya 3. Kahawa au chai kali, mwanzoni mwa zamu. Mwisho saa 7 usiku. Masaa matano au sita baada ya kunywa, nusu ya ile kahawa bado imo mwilini.

Hatua ya 4. Kati ya saa 9 na saa 11 alfajiri ndipo mwili unashuka kabisa, mpaka joto lake linapungua. Muda huo fanya kazi za kusimama na kutembea, na hesabu zozote zirudie mara mbili. Kama mapumziko yenu yanaruhusu, sinzia dakika 20 na alamu, zisizidi, ukizidisha utaamka mzito.

Hatua ya 5. Kutoka getini mpaka kitandani. Hapa tafadhali soma taratibu, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Mara yangu ya kwanza nilikuwa natoka saa 12, jua linanichomoza usoni, napitia sokoni Buguruni kununua mboga, nikifika nyumbani nafua, nadeki. Najiambia nimalize vikazi kwanza ndiyo nilale vizuri. Napanda kitandani saa 5, bati limeshashika moto na usingizi umeshakata. Nalala masaa mawili na nusu, naamka shuka limelowa jasho. Nikaenda hivyo siku 4. Asubuhi ya 5 nikapanda bodaboda niwahi. Tulipotoka Tazara kuishika barabara ya Mandela nikapitiwa na usingizi nyuma ya dereva. Nilizinduka helmeti yangu imegonga ya kwake, mguu wa kushoto umechomoka kwenye kikanyagio, kiatu kinaburuzika kwenye lami, na ubavuni kuna lori la kontena. Yule kijana alisimama pembeni, akanikalisha mpaka mikono ikaacha kutetemeka. Kiatu ninacho mpaka leo, ncha imelika mpaka unaona kidole.

Kwa hiyo:
- Ukiwa na usingizi, usipande bodaboda na usiendeshe chochote. Panda daladala, kaa siti ya dirishani, mwambie konda kituo chako akuamshe.
- Vaa miwani ya jua na kofia tangu getini, ila kama unaendesha usivae. Mwanga wa asubuhi unauambia ubongo siku imeanza, na melatonini, homoni inayoleta usingizi, inakatika.
- Usipite sokoni. Usifue. Oga, kula kidogo, uwe umelala kabla ya saa 2 asubuhi. Vikazi vyote vinasubiri uamke.

Hatua ya 6. Chumba kiwe giza. Blanketi au kitenge kizito juu ya dirisha, simu iache chumba kingine. Halafu nenda kwa majirani mwenyewe, kabla hujaanza, uwaambie kwa upole: "Wiki tatu hizi mimi usiku wangu ni mchana." Yule mwenye sabufa niliyemwogopa ndiye aliyekuwa akiwanyamazisha watoto koridoni.

Hatua ya 7. Kurudi mchana: asubuhi ya mwisho lala masaa mawili au matatu tu, amka, toka nje upate jua, kisha ulale mapema usiku.

Ulizeni.

---

Kijana wa Mbagala: Ndefu, sijasoma yote. Nikitoka asubuhi nilale saa ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 5. Isome yote, mdogo wangu.

Mzee wa Gia: Unatisha watu. Natoka usiku na pikipiki mwaka wa tatu huu, sijawahi kuanguka.

Mwandishi: Na mimi kabla ya asubuhi ile nilikuwa sijawahi. Sijakataza pikipiki, nimekataza kuipanda ukiwa na usingizi. Hilo silifuti.

Mama Wawili: Dada, mimi ni muuguzi. Napangiwa usiku 4 kisha mapumziko. Nijitahidi kuugeuza mwili wote, au?

Mwandishi: Swali zuri sana mama. Kwa usiku 4 usijisumbue, mwili hauwahi kugeuka. Gawa usingizi: lala saa 2 asubuhi mpaka saa 7 mchana, halafu kwa muda wa saa moja na nusu jioni kabla ya kutoka. Ile ya jioni ndiyo itakayokubeba alfajiri, usiiruke. Watoto wakirudi shule, apatikane mtu wa kuwapokea, hata jirani. Na siku za mapumziko lala usiku kama kawaida.

Mama Wawili: Ya jioni ndiyo nilikuwa naikosa. Mungu akubariki.

Fundi Rejeta: Eti kuna hela ya usiku kisheria?

Mwandishi: Ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 20. Usiku ni saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, na kila saa unaongezwa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo. Angalia salary slipu yako. Pia mjamzito aliyebakiza miezi 2 kujifungua mwajiri haruhusiwi kumpangia wala kumruhusu kufanya kazi usiku, waambieni dada zenu.

Fundi Rejeta: Kwenye slipu yangu haipo.

Mwandishi: Anza na afisa rasilimali watu, kwa maandishi, ubaki na nakala. Kama mna tawi la chama cha wafanyakazi, mshirikishe mwenyekiti.

Bibi wa Kimara: Joto la mchana mmelisahau. Gandisha chupa ya maji ya lita 1 na nusu, isimamishe kwenye beseni mbele ya feni.

Mwandishi: Shikamoo bibi, hii sikuijua. Na umeme ukikatika?

Bibi wa Kimara: Marahaba. Chupa hiyohiyo izungushie kanga, uiweke miguuni.