Haiasinti bila baridi haichanui: jinsi ya kuipanda na kuitunza

Kwanza tuelewane, haiasinti ninayoiongelea hapa sio lile gugu maji linalosumbua wavuvi Ziwa Victoria, yale majina yanafanana tu kwa Kiingereza ila mimea yenyewe haina undugu. Hii ni ua la bustani, asili yake pande za Uturuki, Syria na Lebanoni, na huku Uholanzi ninakoishi wamelilima karne na karne, hasa maeneo ya Haarlem. Linaota kutoka kwenye tunguu, ukiliona utadhani kitunguu maji, na hata ganda linakupa dokezo: la zambarau mara nyingi ni ua la bluu au pinki, jeupe ni ua jeupe.

Sasa shikeni hili moja, baridi. Tunguu lisipopata wiki kama 10 hadi 14 za baridi ya chini ya nyuzi 9 hivi, litatoa majani halafu ua linakwama humo humo katikati, fupi, halipandi juu. Ndio maana huku tunapanda kuanzia mwezi wa 9 hadi wa 11 kabla ardhi haijaganda, baridi inafanya kazi yake chini kwa chini, na mwezi wa 3 unaona ncha za kijani zinatoboa udongo.

Vaa glavu tafadhali. Mwaka wangu wa kwanza nilipanda matunguu kama 30 mikono mitupu, nikawashwa vidoleni mpaka usiku, yana vichembe vinavyochoma ngozi. Na ni sumu yakiliwa, so kama una mbwa au mtoto anayeweka kila kitu mdomoni yafiche mbali.

Chagua tunguu gumu na zito, linalobonyea achana nalo. Shimo sm 15 kwenda chini, ncha iangalie juu, achia sm 10 kati ya moja na jingine, sehemu yenye jua. Udongo wangu ni wa mfinyanzi unaoshika maji kwa hiyo nachanganya mchanga mwingi, maana maji yakituama tu tunguu linaoza na hutajua mpaka wenzake wachanue lenyewe kimya. Mwagilia vizuri siku ya kupanda, baada ya hapo mvua inatosha.

Likichanua kichwa kinakuwa kizito, chomeka kijiti ulifunge taratibu. Likinyauka kata kikonyo cha ua tu, MAJANI YAACHE. Mimi niliwahi kuyakata yote nikitaka bustani ionekane safi, mwaka uliofuata nikapata vijiua vitano sita kwenye kikonyo, kwa sababu yale majani ndio yanalisha tunguu chakula cha mwaka ujao. Subiri yawe ya njano yenyewe, ni wiki kadhaa. Hata ukitunza vizuri ua la mwaka wa pili huwa jepesi kidogo, usishtuke, mimi nalipenda hivyo hivyo na mvua hailiangushi.

Kwa mlioko nyumbani Afrika Mashariki inawezekana pia, ila baridi utaitengeneza kwenye friji. Weka matunguu kwenye mfuko wa karatasi, wiki zile zile 10 na kuendelea, na usiyaweke pamoja na tufaha au ndizi mbivu, hewa inayotoka kwenye matunda yanayoiva inaua ua likiwa bado ndani. Ukiyatoa, kalisha tunguu kwenye mdomo wa glasi nyembamba, maji yaishie chini kidogo ya kitako chake bila kuligusa, weka sehemu ya giza yenye ubaridi mpaka chipukizi lifike kama sm 5 ndipo ulilete dirishani. Watu wa Lushoto, Njombe na Limuru mtalifaidi zaidi, Dar na Mombasa joto litalimaliza haraka, basi lisogeze usiku kwenye chumba chenye ubaridi zaidi ulichonacho. Ile mizizi myeupe inaposhuka kwenye maji kama nyuzi, mwite mtoto aje aone.