Jinsi ya Kuingiza Mradi wa Mtaa Wenu Kwenye Bajeti ya Kaunti

Kura tunapiga mara moja kwa miaka mitano, lakini pesa za kaunti hugawanywa kila mwaka, na kifungu cha 201 cha Katiba ya Kenya kinataka wananchi washirikishwe. Wengi hufika kwenye kikao cha bajeti mwezi Mei, wakaeleza shida zao vizuri kabisa, na mradi usionekane. Kosa huwa ni kuchelewa.

Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka, ambao ndio wenye orodha ya miradi, hufika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Waraka wa sera ya fedha hufika kufikia Februari 28 na kuipa kila idara kiwango chake cha juu cha matumizi. Bunge lina siku 14 tu kuujadili. Makadirio ya bajeti yenyewe huja kufikia Aprili 30. Wakati huo kanuni haziwaruhusu wawakilishi wadi kuongeza au kupunguza fungu la idara kwa zaidi ya asilimia 1 ya kiwango hicho. Basi mradi mpya upelekeni kabla Agosti haijaisha. Mkitaka afya ipate zaidi na safari za maafisa zipunguzwe, semeni Februari.

Kwanza hakikisheni jambo ni la kaunti: zahanati, chekechea, masoko, maji, barabara za kaunti. Shule za msingi na polisi ni za serikali ya kitaifa, na ombi kama hilo huwekwa kando.

Kisha andikeni memoranda, yaani ombi la maandishi, ya ukurasa mmoja. Tajeni wadi, jina la waraka, ukurasa na programu mnayoizungumzia. “Tunaomba maji zahanati” haitoshi. Andikeni: “Zahanati haina tangi, akina mama wanaojifungua huja na maji yao kwa mitungi. Tunaomba tangi la lita 10,000 na mabomba, na fedha zitoke kwenye fungu la ukarabati wa ofisi, ukurasa fulani.” Kuonyesha pesa zitoke wapi ndiko kunakoipa kamati kitu cha kuamua. Ombi moja au mawili yatosha. Orodha ya mambo 20 humwachia afisa achague lililo rahisi kwake.

Wekeni sahihi, mpeleke nakala mbili kwa karani wa bunge la kaunti, na yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri, ni vigumu kuthibitisha mliwasilisha. Mwakilishi wadi naye apate yake.

Bajeti ikipita, someni ripoti za kila robo mwaka. Mkinyimwa nakala, iandikieni idara barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016: inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Ikinyamaza, pelekeni malalamiko kwa Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za umma. Barua yenyewe mwaweza kuiandika kwa Kiswahili. Sheria hiyo inakubali.