Jinsi ya kuwasimulia vijana habari za Joaquim Nabuco

Kama unataka kuwasimulia vijana wetu wa Bagamoyo habari za Nabuco, yule mwanasiasa wa chama cha Liberali kule Brazil, usianze na tarehe jamani, watasinzia. Wapeleke kwanza Caravan Serai, pale misafara ilipokuwa ikipumzika zamani, wakae kivulini, waambie misafara ya watumwa ilifikia mji huu huu, ndo uvuke bahari mpaka Pernambuco, jimbo la Brazil alikozaliwa Nabuco.

Anza na utoto. Kazaliwa Recife 1849, akalelewa na mama yake wa ubatizo kwenye shamba la miwa la Massangana, siku moja kakaa zake kwenye ngazi za nje mara kijana mtumwa akaja mbio akamwangukia miguuni, anamsihi amwombee mama amnunue maana bwana wake anamtesa. Hapo nyamaza kidogo. Mi naona maisha yake yote yalianzia kwenye zile ngazi.

Bunge pitia haraka, 1880 akaanzisha chama cha kupinga utumwa, 1883 akatoa kitabu, O Abolicionismo. Ila 13 Mei 1888 usiiruke kabisa, ndo siku Brazil ilipofuta utumwa kwa sheria, halafu wakumbushe soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, wapige hesabu wenyewe.